Hakuvua Shati Mbele ya Mkwe

Mwakitolyo, 14 Machi 1937

Baba yangu mdogo Pantaleo,

Shikamoo. Nakuamkia mimi, wanakusalimu Baba na Mama, na Bujiku naye kasema nimwandikie "shikamoo babu", ingawa nusu ya neno ilibaki mdomoni pamoja na kiazi. Sisi ni wazima. Mdogo wake, Scolastika, anaota meno na halali, basi nami silali. Ukiona mwandiko umekwenda upande, ujue yuko pajani ananivuta mkono. Mvua imenyesha vizuri. Ng'ombe mwekundu wa Baba kazaa dume. Mama mkwe wangu goti limepoa, sasa amerudia kutusema wote kama zamani.

Baada ya hayo, kilichonishikisha kalamu ni habari ya mume wangu Maduhu. Alipokuja nyumbani kupumzika alikuja na kikohozi. Nilidhani ni mafua ya njiani, lakini hiki hakina mafua. Asubuhi anatema makohozi yenye damu, si nyingi, kama uzi mwekundu, kisha anafukia kwa mguu nisione. Sauti imemkauka, anasema kama mtu anayenong'ona. Bega la kushoto linamuuma hata hawezi kumbeba mtoto. Suruali yake nimeipunguza kiunoni, nikaipunguza tena. Nikimwuliza anasema, "Ni vumbi la mwamba tu, Mama Bujiku. Litatoka." Vumbi gani hilo linalotoka na damu?

Nilimwomba abaki. Hakukubali, kwa kuwa kipande chake cha kazi hakijaisha. Jana wameondoka, yeye na mdogo wake Masele, kurudi shimoni.

Baba, namshukuru Mungu kwamba wewe uko huko. Wengine wanaingia hospitali ya kambi hawana mtu. Wewe ndiye dresa, mfunga vidonda, wewe ndiye unayesimama kati ya Bwana Daktari na mgonjwa ukampa huyu maneno ya yule. Mpeleke. Usimngoje aje mwenyewe, hatakuja. Maduhu Kiswahili chake ni cha shimoni: leta, sukuma, ondoa. Na cha Bwana Daktari, ulituambia mwenyewe, ni cha kuagizia chai. Bila wewe hao wawili watatazamana tu.

Mwanao,
Apolonia, Mama Bujiku


Kambini, Geita, 2 Mei 1937

Binti yangu mpendwa Apolonia,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako ilinikuta katika afya njema na kazi nyingi. Mama yako mdogo anakusalimu. Amelima vitunguu nyuma ya nyumba na wake za manyapara wote wanakuja kuviomba. Hospitali yetu sasa imeezekwa mabati, na wodi ya wanaume imepakwa chokaa. Ukiiona utadhani ni kanisa.

Kuhusu mkwe wangu, nimefanya zaidi ya ulivyoomba. Nilimfuata mwenyewe kwenye mabweni ya wachimbaji. Kisha nilimwendea Bwana Daktari nikamwambia kwa heshima kwamba huyu ni mume wa binti yangu, na kwamba naomba nimhudumie mimi wala si mtu mwingine. Akacheka, akasema, "Haya, Pantaleo, huyu wako." Watu wachache hapa wanaweza kuzungumza na Bwana namna hiyo.

Alimwuliza Maduhu kama ana maumivu. Akajibu hana. Kama anatema damu. Akajibu hatemi. Kama anapata usingizi. Akajibu analala vizuri. Yote nilifasiri mimi, neno kwa neno. Daktari akaweka chombo chake cha kusikilizia juu ya shati, akasema kifua kina ukali wa vumbi. Kapewa dawa ya kikohozi na siku chache za kufagia uani badala ya kutoboa mwamba.

Ile damu uliyoiandika sikuitaja. Mwenye mwili ameikana mbele yangu. Ningesema vingine, ningemfanya mkwe wangu mwongo mbele ya Mzungu. Wewe ni mama wa watoto wadogo, umechoka, na macho yaliyochoka huona mengi. Lala, mwanangu.

Baba yako mdogo,
Pantaleo, Dresa


Mwakitolyo, 20 Juni 1937

Baba Pantaleo,

Shikamoo. Tuko salama. Baba amemaliza kuvuna mtama, panya wamevuna na wao. Scolastika meno yametoka mawili, amekwisha kunionjesha yote mawili kwenye titi. Mama anauliza kama vitunguu vya mama mdogo vinaweza kusafiri.

Masele alifika juzi kwa ruhusa ya siku chache. Nilimpa maji, nikamwuliza habari za kaka yake. Akasema, "Shemeji, kaka halali. Anaketi ameegemea ukuta mpaka kunakucha. Akilala chali anakuwa kama mtu aliyewekewa jiwe kifuani."

Nikamwambia, "Mbona kwa daktari kasema analala vizuri?"

Masele akatazama chini, akaanza kuichezea kofia yake. Mama mkwe wangu alikuwa pale pale, anakata viazi vya kukausha michembe. Akacheka kile kicheko chake kibaya.

"Na wewe masista walikufundisha nini huko shuleni? Aliyemwuliza ni nani?"

"Daktari, mayu."

"Daktari anajua Kisukuma? Nakuuliza, sauti iliyomwuliza ni ya nani?"

"Ya Baba Pantaleo."

"Basi! Mwanangu amwambie mkwewe, baba, nimetema damu? Baba, nakohoa hata najikojolea? Amfunulie mkwe kifua? Hata punda ana haya, sembuse mtoto wangu niliyemlea mimi."

Masele hakuinua uso. Nikajua ni kweli. Akaniambia kwamba ukiingia tu kwenye chumba, Maduhu huvuta blanketi mpaka kidevuni, na ukimwuliza lolote hujibu "ndiyo, baba" au "hapana, baba", lile litakalomaliza mazungumzo upesi.

Baba, mimi ndiye niliyekuomba umpeleke. Nilifikiri undugu ni njia, kumbe tumemjengea ukuta, mimi na wewe. Sikulaumu. Lakini sasa tunajua. Nakuomba, siku akiitwa tena, wewe usimame nje. Masele anasema kuna mpishi wa hospitali, Abdu, mtu wa Nyasubi, mwana wa wafanyabiashara, Kisukuma anakijua na Bwana Daktari wanasikilizana. Huyo si ndugu wala mkwe kwa Maduhu. Mbele yake atasema.

Nijibu upesi.

Apolonia


Kambini, Geita, 8 Agosti 1937

Binti yangu Apolonia,

Marahaba. Barua yako imenifika ikiwa imekunjwa vibaya, na maneno yake pia. Nimeiweka muda kabla ya kujibu, maana mtu mzima hajibu akiwa na hasira. Mama yako mdogo hajambo. Vitunguu vimeoza kwa mvua isiyo ya msimu.

Abdu ni mpishi. Wataka mpishi asimame mahali pangu mbele ya Bwana Daktari, wagonjwa wote waseme Pantaleo ameshushwa? Mimi nilikwenda shule kabla hujazaliwa. Mimi ndiye niliyemwambia baba yako akupeleke kwa masista ujue kuandika, na leo kalamu hiyo hiyo unanielekezea mimi.

Tena elewa: hospitalini hakuna mkwe. Kuna mgonjwa na kuna dresa. Hayo ya blanketi ni maneno ya wanawake wanaokata michembe.

Wala usifikiri simtunzii mume wako heshima yake. Mara zote mbili Bwana Daktari alipotaka avue shati, mimi nilisema mgonjwa anaona baridi, ili asije akaaibika mbele yangu. Na akitema, mimi hugeuza uso, wala kopo lake silishiki, namwachia mfagizi. Nani mwingine angemstahi hivyo?

Maduhu hajambo. Tumemlaza wodini apumzike. Siku hizi anapenda uji kuliko ugali. Ukipata nafasi mwandikie maneno ya kumpa moyo, siyo ya kumtia wasiwasi.

Pantaleo, Dresa


Mwakitolyo, 25 Agosti 1937

Baba Pantaleo,

Shikamoo. Nyumbani ni wazima.

Umeandika kwamba hospitalini hakuna mkwe. Mistari michache chini yake umeandika kwamba ulimzuia daktari asimwone kifua kwa kuwa wewe ni mkwe. Nimeyasoma hayo mtoto akiwa titini, nikayasoma tena nikidhani usingizi umenichanganya.

Na Maduhu hapendi uji. Tangu anioe, hajawahi kupenda uji. Mtu anayekunywa uji tu ni mtu asiyeweza kumeza.

Nakuja. Bujiku anabaki kwa Mama, Scolastika nakuja naye mgongoni. Nitapanda gari la moshi Shinyanga mpaka Mwanza, toka hapo nitajua mbele.

Apolonia


Hospitali ya misheni, 3 Oktoba 1937

Baba Pantaleo,

Shikamoo. Scolastika alipata homa njiani, imekwisha. Bujiku, naambiwa, analala na nguo yangu kuukuu.

Kwanza lile la mlangoni. Ulinikuta pale kambini ukaniambia nisubiri saa ya kuona wagonjwa. Nilikupita bila kupiga goti, mbele ya watu. Najua walivyosema. Nami nilipoingia nikamwona Maduhu, sikuweza kurudi nje kukusalimu. Miguu yake ilikuwa mifupa na ngozi tu, na shati lilelile nililomshonea Krismasi, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, katika joto lile la mabati. Bwana Daktari alitoa ruhusa tuondoke bila kuinua macho kwenye karatasi zake. Nilimwona mara moja tu, na sidhani kama angenitambua tukikutana. Masele akanisaidia kumpandisha lori, kisha mashua.

Hapa kuna Sista mmoja ambaye ndiye daktari. Kisukuma chake kibovu, kinaruka kama gari kwenye mawe, lakini ni chake, hakiazimi kwa mtu. Siku ya kwanza alivuta kigoda akaketi, magoti yake yakagusa kitanda. Akaniuliza, "Wewe nani kwake?" Nikasema mke. Akamgeukia Maduhu: "Abaki? Aende?" Maduhu akashangaa kuulizwa. Akasema, "Abaki."

Halafu Sista akauliza, akanyamaza. Maduhu akakohoa muda mrefu, nami nikataka kumjibia. Sista akanionyesha kiganja, nyamaza. Akangoja mpaka kikohozi kikaisha mwenyewe, mpaka pumzi ikarudi. Ndipo Maduhu akaanza kusema. Alisema mambo ambayo hata mimi sikuyajua. Kwamba damu ilianza mwaka jana wakati wa kupalilia. Kwamba shimoni alikuwa anazima taa yake kidogo ili wenzake wasione anapokaa chini.

Sista akafungua vifungo yeye mwenyewe, kimoja kimoja, huku akimwuliza watoto wake wanaitwaje. Akamgonga mgongoni kwa vidole, kama mtu anayepima mtungi una maji mpaka wapi. Kisha akapapasa juu ya mtulinga, upande wa kushoto, akasimama hapo. Kulikuwa na tezi, Baba. Kubwa kama yai la kware, ngumu kama kokoto. Ilikuwa pale chini ya kola.

"Nani ameshika hapa?" akauliza.

"Hakuna," akasema Maduhu.

Si kifua kikuu. Sista alisema jina lake kwa lugha yao, kisha akatuambia ni uvimbe mbaya, umeota ndani ya pafu na mbegu zake zimepanda mpaka shingoni. Nilimwuliza kama ni vumbi. Akasema, "Sijui. Sitakudanganya." Nilimfuata nje nikamwuliza, kama tungekuja Machi je? Akanishika mkono. Akasema hata Machi asingeweza kuutoa, hakuna hapa wa kuutoa. "Lakini asingerudi kutoboa mwamba," akasema, "na asingekaa miezi yote hii ameketi usiku, na dawa ya maumivu iko kabatini."

Anampa matone machungu katika maji. Siku ya kwanza alilala chali mchana kweupe, mdomo wazi, Scolastika akimtambaa kifuani, hakuamka. Nilikaa nikamtazama nikalia kwa hasira. Matone tu, Baba. Matone ambayo hata kwenu yako.

Apolonia


Kambini, Geita, 30 Oktoba 1937

Binti yangu,

Marahaba. Tumehuzunika kusikia. Mama yako mdogo analia kila akimwona mtoto wa watu. Nimempa dereva blanketi jipya na sukari akuletee. Blanketi ni la sufu, usiliache nje.

Mambo ya Mungu hayana mshindani. Umesema mwenyewe kwamba Sista amekiri hata Machi isingefaa kitu. Basi tusitafutane.

Nina jambo dogo la kuuliza. Je, Maduhu amemweleza Sista habari za hapa, namna tulivyomhudumia? Nauliza kwa sababu Bwana Daktari wetu na masista huandikiana, na maneno yakipita katika mikono mingi hugeuka. Mimi bado nina miaka ya kazi.

Mpe salamu zangu. Mwambie mkwe wake anamstahi.

Pantaleo


Mwakitolyo, 12 Desemba 1937

Kwa Pantaleo,

Maduhu alifariki tarehe 21 Novemba, asubuhi, amelala ubavu, bila kelele. Tulimzika pale misheni kwa kuwa mvua zilikuwa zimekata njia. Nimerudi nyumbani. Mama mkwe wangu hatusemi tena, anakaa tu, na Bujiku anamwuliza kama goti limerudi kuuma. Blanketi lilifika. Nimemfunika nalo mama mkwe. Salamu zako nilizifikisha. Alisema, "Mwambie nami namstahi."

Umeuliza kama alimweleza Sista habari zako. Hakueleza. Sista alimwuliza mara nyingi kwa nini huko walimsikiliza juu ya nguo, na kila mara alijibu, "Mimi ndiye niliyekataa kuvua." Amekufa akiulinda uso wako. Sikuwahi kumwona mtu akifanya kazi ngumu namna ile na pumzi kidogo namna ile.

Mimi sikukulinda. Nilikaa na Sista kwenye baraza nikamweleza yote, jina na cheo. Kama ameandika, ameandika. Kama hakuandika, ni kwa hiari yake, si kwa kuombwa na mimi.

Sasa sikiliza. Masele yuko wodini kwenu. Alianza kukohoa wakati wa msiba, nilimsikia nyuma ya nyumba akijizuia. Kitanda chake, naambiwa, kiko karibu na kile cha kaka yake. Labda ni vumbi, labda ni mafua, labda ni kitu chenye dawa. Mimi sijui, wala wewe hujui, na daktari wako hatajua ikiwa Masele ataulizwa na mkwe wake. Maana yeye amezaliwa tumbo moja na Maduhu, na amelelewa na mama yule yule.

Najua unampenda. Hata Maduhu ulimpenda, hilo sijawahi kulikana. Kwa hiyo sikuombi umpende Masele zaidi. Nakuambia akiitwa jina, wewe toka chumbani. Usisimame mlangoni, usisimame nyuma ya pazia. Toka.

Usipotoka nitakuja na mama mkwe wangu tuketi kwenye kizingiti cha hospitali yenu yenye chokaa. Safari hii atakuwa na sababu ya kusema, na wewe unaujua mdomo wake.

Apolonia, mjane wa Maduhu


Kambini, Geita, 9 Januari 1938

Mwanangu Apolonia,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia.

Masele aliitwa leo asubuhi. Nilimwendea Abdu jikoni, akaja mikono ina unga. Nilimwambia Bwana Daktari kwamba huyu mgonjwa nina undugu naye ambao kwa desturi yetu unamfunga ulimi. Akaniuliza kwa nini sikusema siku zote. Hakungoja jibu, akamwita Abdu asogee.

Nilitoka. Nilikaa kwenye ngazi za nje, karibu na pipa la maji. Dirisha liko juu ya ngazi hizo, na lilikuwa wazi.

Masele alisema maneno mengi. Sikujua ana sauti kubwa vile, mimi huwa naisikia ikiwa ya chini tu. Alieleza mbavu, alieleza jasho, alieleza anavyopanda kutoka shimoni akisimama njiani kama mama mjamzito, hata Abdu akacheka na Masele naye akacheka. Daktari aliposema avue shati, Abdu akamwambia, "Haya ndugu, toa hiyo," nikasikia vifungo. Kisha pakawa kimya, anasikilizwa. Daktari akauliza tena, na Masele akaeleza tena.

Walikaa ndani mpaka maharage ya wagonjwa yakaungua jikoni. Niliyasikia yakinuka nikiwa pale pale kwenye ngazi. Ningeweza kwenda kuyaepua, lakini sikuondoka, maana bado alikuwa anaeleza.

Pantaleo